Mshipi wa kusukwa kwa rili za bei nafuu: tutazame unene kwanza, nguvu baadaye

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikisoma maswali ya watu wanaonunua rili za bei nafuu, yaani vile vifaa vya kukunjia mshipi kwenye ufito, Kariakoo au kuziagiza mtandaoni, kisha wakataka kuzijaza mshipi wa kusukwa kwa sababu wameambiwa kwamba ndio unaorusha mbali na usiokatika ovyo. Majibu wanayopewa karibu yote huhusu nguvu: chukua ratili 20, chukua ratili 50, chukua wa nyuzi 8, yaani uliosukwa kwa nyuzi nane. Nami nilifuata ushauri huo kwa miaka kadhaa, nikapoteza mishipi, chambo bandia na samaki ambao ningali nawakumbuka, hadi nikafikia msimamo ambao naomba tuujadili hapa: kwa rili ya bei nafuu, mshipi uchaguliwe kwa unene wake, na nguvu iliyoandikwa kwenye lebo ije baadaye sana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Asubuhi moja ya bamvua nilikuwa kwenye miamba ya upande wa Kigamboni, maji yakijaa, na rili ya ukubwa wa 4000 ambayo nilikuwa nimeijaza mshipi wa kusukwa wa milimita 0.12, nikiwa nimeufunga moja kwa moja kwenye spuli, yaani kile kikombe kinachobeba mshipi. Kolekole akashika na kuondoka. Nikakaza breki, mshipi ukaendelea kutoka. Nikakaza mpaka mwisho, bado ukatoka, na samaki akafika kwenye matumbawe na kunikata. Nilirudi nyumbani nikiilaani breki ya rili ile, lakini nilipoifungua sikuona kasoro yoyote. Spuli ilikuwa imesimama kama nilivyoiamuru. Kilichokuwa kikizunguka ni mshipi wote kwa pamoja, ukiteleza juu ya spuli kama pete iliyolegea kidoleni.

Sababu yake iko kwenye malighafi. Mishipi hii husukwa kwa nyuzi za polithini yenye molekuli ndefu mno, ile inayojulikana kwa majina ya kibiashara ya Dyneema na Spectra, na ambayo njia ya kuifuma kutoka kwenye hali ya jeli iliendelezwa na kampuni ya DSM ya Uholanzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyuzi hizo zina nguvu ya ajabu kwa uzani wake, hazinywi maji, huelea kwa kuwa ni nyepesi kidogo kuliko maji, na hurefuka kwa asilimia chache tu zinapovutwa, ilhali nailoni huweza kurefuka kwa asilimia 20 na zaidi kabla ya kukatika. Lakini pia zinateleza kupita kiasi. Fundo ambalo kwenye nailoni hujikaza lenyewe, kwenye mshipi huu hujifungua taratibu huku wewe ukitabasamu.

Sasa tuitazame rili yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba tofauti ya rili ya bei nafuu na ya bei kubwa iko kwenye idadi ya beringi zinazotangazwa kwenye boksi. Kwa upande wa mshipi, tofauti iko kwenye mambo madogo ambayo hayatangazwi. La kwanza ni kijigurudumu kilicho kwenye tao la waya, ambacho mshipi hupita juu yake kila unapozungusha mkono. Kwenye rili nyingi za bei ya chini hakizunguki vizuri au kina mwanya ubavuni, na mshipi mwembamba wa milimita 0.10 au 0.12 huingia kwenye mwanya huo na kuliwa pole pole. La pili ni namna spuli inavyopanda na kushuka. Rili nzuri hupanga mshipi tabaka kwa tabaka. Rili ya bei nafuu huulundika mahali pamoja, mbele au nyuma, na mshipi mwembamba unaovutwa kwa nguvu huzama ndani ya tabaka la chini yake na kukwama. La tatu ni nafasi iliyopo kati ya spuli na ile sehemu inayozunguka chini yake, ambako mshipi mwembamba ukilegea hupenya na kujizungusha kwenye mhimili, nawe ukalazimika kuivua spuli ukiwa umesimama juu ya mwamba na wimbi linakuja. Kwa uzoefu wangu hayo ndiyo yaliyonisumbua kuliko mshipi kukatika kwa uzito wa samaki, na mshipi ulio mnene kiasi huyapunguza yote matatu.

Kwa hiyo, ninavyoona mimi, rili ya ukubwa wa 2500 isijazwe mshipi ulio chini ya PE 1.5, rili ya 3000 au 4000 ichukue PE 2, na zile za 5000 na 6000 zichukue PE 3 au 4. Namba hizo za PE ni kipimo cha Kijapani cha unene wa mshipi, na ningeomba kila mnunuzi azizoee kuliko milimita zilizoandikwa kwenye lebo, kwa sababu mshipi uliosukwa ni laini, hujibana na kuwa bapa, na kila mtengenezaji hupima kipenyo kwa namna inayompendeza. PE 1 inalingana na takriban milimita 0.165, PE 1.5 na 0.205, PE 2 na 0.235, PE 3 na 0.285. Mshipi mzuri wa PE 1 hubeba karibu ratili 20. Ukiona lebo inayosema milimita 0.10 na ratili 40, ujue kwamba angalau moja kati ya namba hizo mbili imetungwa, na mara nyingi ni ya kwanza.

Namba ya PE ina uzuri mwingine, nao ni kwamba inapimika kwa mizani. Msingi wake ni uzani: PE 1 ni denia 200, maana yake mita 9000 za mshipi huo zina gramu 200. Ukikata mita 10 na kumpelekea sonara mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, PE 1 itakupa karibu gramu 0.22, PE 2 gramu 0.44, PE 3 gramu 0.67. Utando uliopakwa juu ya mshipi huongeza kidogo, lakini hauwezi kuigeuza PE 1 ikawa PE 3. Mimi nimekwisha kufanya hivyo kwa mishipi mitatu. Mmoja tu ndio uliokuwa karibu na lebo yake.

Kuhusu kujaza, chini ya mshipi wa kusukwa iwekwe nailoni. Huzuia ule utelezi ulionitia aibu Kigamboni, na pia hukuokolea fedha, kwa kuwa huhitaji mita 400 za mshipi wa gharama kwa kurusha mita 60. Hesabu yake si ngumu: mshipi ukiwa mnene zaidi, urefu unaoingia hupungua kwa mraba wa kipenyo. Rili iliyoandikwa 0.35/200 hubeba mita 200 za nailoni ya 0.35. Mita 150 za mshipi wa 0.25 zitachukua nafasi ya mita 77 hivi za nailoni hiyo, basi chini yake weka mita 120 za nailoni na utakuwa umejaza. Asiyetaka hesabu azungushe tepu ya umeme mara mbili au tatu kwenye spuli kabla ya kufunga, nayo inatosha kuzuia utelezi, ingawa haiokoi fedha. Mshipi wote uingizwe ukiwa umebanwa kwa kitambaa kibichi kati ya vidole, kwa mvuto wa kutosha kukifanya kidole chako kihisi joto. Mshipi uliozungushwa ukiwa legelege ndio mzazi wa vitanzi vinavyoruka vyote kwa pamoja unaporusha. Kwenye rili za bei nafuu nashauri pia usijaze hadi ukingoni. Acha milimita 2 au 3.

Karibuni.

Mchangiaji wa Mombasa:

Ahsante, ndugu, kwa maelezo yaliyopangika, ingawa mimi nina shaka na jambo la msingi. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, kwenye ngalawa ya marehemu baba, na rili nimeanza kuishika nikiwa mtu mzima. Kama rili ya bei nafuu ina kasoro zote hizo ulizozitaja, kwa nini tuihangaishe na mshipi wa kusukwa? Nailoni ya 0.35 haiingii kwenye mwanya wa kijigurudumu, haitelezi kwenye spuli, haizami ndani ya tabaka, na mafundo yake kila mtu anayajua. Zaidi ya hayo inarefuka, na kurefuka kwake ndiko kunakomsamehe mvuvi asiye na breki nzuri. Changu anapopiga ghafla, nailoni hujinyoosha kwanza, kisha breki iliyoganda hupata nafasi ya kuachia. Mshipi wa kusukwa hauna huruma hiyo. Naona kama tunanunua tatizo, kisha tunanunua dawa yake.

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Kaka yangu, hoja yako ni nzito na kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Mtu anayevua kwa chambo cha kibua au ngisi kwenye kina kisichozidi mita 15, akakaa na kungoja, hana sababu ya kuiacha nailoni, na ningemshauri fedha hiyo anunulie ndoana nzuri. Ninapoona faida ya kweli ni mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye kina. Ukiwa na mita 50 za nailoni majini, na mkondo unavuta, samaki anagonga chini wewe huku juu unahisi kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Ukivuta ili ndoana iingie, sehemu kubwa ya mvuto wako huishia kwenye kurefuka kwa mshipi. Pa pili ni kwenye kurusha chambo bandia kutoka ufukweni, ambako wembamba na ulaini wa mshipi wa kusukwa huongeza umbali kwa kiasi ambacho mtu akikiona mara moja harudi nyuma.

Hilo la breki iliyoganda umeligusa vizuri, na nilipaswa kulisema mwanzoni. Breki za rili nyingi za bei nafuu huwa na washa za felti, ambazo zikikaa muda mrefu zimebanwa hushikamana, na mvuto wa kwanza huwa mkubwa kuliko mvuto unaofuata. Kwa hiyo, baada ya kuvua, ilegeze breki kabisa kabla ya kuiweka rili. Kabla ya kuanza kuvua, uvute mshipi kwa mkono mara tano au sita hadi breki iwe laini, kisha uipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari. Boksi likisema kilo 8, wewe weka kilo 2.5, au 3 kwa rili ya 4000. Hapo ndipo utaona kwa nini nasema nguvu ya mshipi si jambo la kwanza: PE 2 ya nyuzi 4 itabeba kilo 12 au zaidi, na breki yako inaachia kwenye kilo 3. Nguvu unayo ya ziada mara nne. Unachonunua kwa kuchukua PE 2 badala ya PE 0.8 ni unene unaoilinda rili isijiharibie kazi.

Na ili kupata sehemu ya ile huruma unayoisemea, funga mita mbili au tatu za nailoni mbele, zile tunazoziita lida. Hazirefuki kama mita 50, lakini hupunguza makali ya pigo la kwanza, nazo huvumilia matumbawe. Mshipi wa kusukwa ukisuguliwa kwenye tumbawe ukiwa umekazwa hukatika kama uzi wa kushonea.

Mchangiaji wa Mwanza:

Habari za majukumu, ndugu. Huku ziwani tunamtafuta sangara, na uzoefu wangu unaunga mkono wazo la unene, lakini kwa sababu nyingine. Miamba yetu ni ya matale, ina ncha kali, na magugu maji huja na upepo yakafunika ghuba nzima kwa siku moja. Mshipi wa kusukwa hukata mashina ya magugu pale ambapo nailoni hujizungusha na kukaa. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nihame.

Ninachotaka kuuliza ni kuhusu lida. Mdomo wa sangara ni kama msasa, si wa meno ya kukata bali wa kusugua, hivyo hatuwezi kutumia lida nyembamba. Mimi nafunga nailoni ya milimita 0.80. Matokeo yake lida ina nguvu kuliko mshipi wenyewe wa PE 3. Ndoana ikinasa kwenye jiwe, mshipi hukatika mbali, wakati mwingine karibu kabisa na rili, na kwa mwaka jana pekee nilipoteza mshipi wa kutosha kujaza rili mbili. Niliwahi pia kupinda mhimili wa rili kwa kujaribu kujinasua kwa kuvuta na ufito ukiwa umeinuka. Je, niongeze mshipi uwe PE 5, au nipunguze lida?

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Ndugu wa Mwanza, pole kwa mhimili. Kwanza, kujinasua kusifanywe na rili hata siku moja, hasa ya bei nafuu. Elekeza ufito moja kwa moja kwenye mshipi, uzungushe mshipi kwenye kipande cha mti au kwenye kitambaa kinene mkononi, kisha rudi nyuma kwa miguu. Mshipi mtupu usiushike. Nimemwona mtu aliyechanwa kidole hadi kwenye kiungo, na kidonda cha mshipi huu ni chembamba lakini kirefu kwa kwenda chini.

Kuhusu swali lako, PE 5 kwenye rili ndogo itakuondolea umbali na itakujazia spuli baada ya mita chache. Kama unavua kwa chambo na chubwi, aghalabu kinachonasa ni chubwi. Basi lifunge kwa kipande kifupi cha nailoni dhaifu ya milimita 0.25, likinasa likatike lenyewe na ubaki na ndoana na samaki wako. Kama unarusha chambo bandia, njia hiyo haipo, na hapo ningebaki na PE 3, nikachagua lida ya 0.60, nikaikagua kwa kucha kila baada ya samaki na kukata sentimita 30 zilizokwaruzika. Huo ndio uamuzi wangu. Mwenye sangara wakubwa kuliko nilivyozoea anaweza kuona vingine.

Mchangiaji wa Maskati:

Assalaam alaykum. Nami naomba niongeze mambo mawili kutoka huku Oman, ambako tunavua nguru, wenyewe wanamwita kanaad, kutoka kwenye miamba na kwenye mashua ndogo.

Jambo la kwanza ni joto. Polithini hii huyeyuka kwenye nyuzi 145 hadi 150 hivi za Selsiasi, joto ambalo kwa plastiki imara ni la chini sana, na hudhoofika mapema kabla ya kufika huko. Watu huligundua hilo kwenye mafundo bila kujua. Ukikaza fundo likiwa kavu na kwa haraka, msuguano huzalisha joto mahali padogo mno, na mshipi wa kilo 12 hukatikia kwenye fundo kwa kilo 5, kisha mtu anamlaumu muuza duka. Lilowanishe fundo kwa mate au maji na ulikaze taratibu. Kwa kufunga kwenye pete ya chambo nimeridhika na fundo la Palomar, kwa kuwa mshipi hupita pale mara mbili.

La pili ni kuhusu rili. Kabla ya kuijaza mshipi wa gharama, chukua pamba na uipitishe juu ya kijigurudumu, kwenye ukingo wa spuli na kwenye pete zote za ufito. Pakishika hata unyuzi mmoja wa pamba, pana mkwaruzo ambao nailoni ingeuvumilia lakini mshipi wa kusukwa utafunuka nyuzi zake kila unaporusha. Ukingo wa spuli unaweza kusafishwa kwa msasa laini sana. Kijigurudumu kisichozunguka nakiwekea tone la mafuta ya cherehani na kukizungusha kwa kidole kila wiki. Baada ya kuvua huosha rili kwa maji baridi yanayotiririka kidogo, breki ikiwa imekazwa ili maji yasiingie ndani, kisha nailegeza ikauke.

Mchangiaji mpya (Tanga):

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni katika uvuvi wa rili na ninajifunza. Nina maswali mawili. Muuzaji amenishauri nichukue wa nyuzi 8 kwa sababu ni bora kuliko wa nyuzi 4, je, ni kweli? Na mshipi niliokuwa nao awali ulikuwa wa kijani, baada ya miezi miwili umekuwa mweupe, je, umeoza?

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Marahaba, mdogo wangu. La rangi ni jepesi: nyuzi hizi hazinywi rangi, hupakwa tu kwa juu, kwa hiyo kuchujuka si kuoza. Mshipi uliochoka utautambua kwa kuupitisha kati ya kucha mbili. Ukihisi vinyweleo na mikwaruzo, kata sehemu hiyo. Na kwa kuwa unapotupa hutumia mita 50 au 60 za mwanzo tu, baada ya msimu unaweza kuugeuza mshipi mzima, mwisho ukawa mwanzo, ukapata karibu mshipi mpya bila kutoa hela.

Kuhusu nyuzi, muuzaji hakukudanganya, ila amekujibu swali ambalo rili yako haijauliza. Mshipi wa nyuzi 8 ni wa mviringo zaidi, hupita kimya kwenye pete na hurushwa mbali zaidi. Lakini kwa unene uleule kila unyuzi mmoja wake ni mwembamba kuliko unyuzi wa mshipi wa nyuzi 4, hivyo mkwaruzo mdogo hukata nyuzi nyingi kwa mara moja. Pia ule wa nyuzi 8 huwa laini na legevu mno, na kwenye rili inayolundika mshipi ulegevu huo huzaa vitanzi. Mshipi wa nyuzi 4 una ukakamavu fulani, hasa ukiwa mpya na utando wake haujaisha, na ukakamavu huo unaisaidia rili. Kwa bei ileile, mara nyingi utapata wa nyuzi 4 wa kampuni inayojulikana, kama PowerPro au J-Braid ya Daiwa, au wa nyuzi 8 usio na jina. Mimi ningechukua wa kwanza bila kusita.

Kama bado vitanzi vinakusumbua, tazama mshipi ulivyolala kwenye spuli. Ukiwa umerundikana mbele, vua spuli uongeze washa moja nyembamba chini yake kwenye mhimili. Ukiwa umerundikana nyuma, ondoa moja. Rili nyingi huja na washa hizo za akiba kwenye kijimfuko ambacho watu hukitupa pamoja na boksi. Na ukisharusha, hasa wakati wa kusi, usifunge tao kwa kuzungusha mkono wa rili. Lifunge kwa mkono wako, vuta mshipi hadi ukazike, ndipo uanze kukunja. Upepo hujaza mshipi tumbo, na tumbo hilo likikunjwa legelege ndilo linalokurukia kwenye mtupo wa pili.

Mchangiaji wa Mombasa:

Nimerudi, na safari hii sina ubishi mwingi. Juzi nilipewa na shemeji mshipi wa kusukwa wa mita 300, lebo inasema milimita 0.20, ratili 40. Nikakata mita 10 nikazipeleka kwa sonara, ambaye aliniuliza kama siku hizi tunavalisha samaki vidani. Mizani ikasoma gramu 0.73. Kwa hesabu yako hiyo ni PE 3.3, yaani kama milimita 0.30. Nguvu basi huenda ikawa ya kweli, lakini unene ni uongo mtupu. Rili yangu ni ya 3000 na imeandikwa 0.30/180. Nilikuwa tayari kuununulia nailoni nyingi ya kuweka chini, sasa sijui kama hata wenyewe utaingia.

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Hautaingia wote, kaka, na mtihani wa sonara umekuepusha na fujo. Kwa unene huo spuli yako inabeba mita 180 basi. Ukate mshipi katikati. Nusu moja, mita 145, iweke kwenye rili hiyo juu ya mita 20 za nailoni ya 0.30, nawe utabakiwa na ule mwanya wa milimita 2 au 3 ukingoni. Nusu ya pili itunze kwenye spuli yake mahali penye kivuli kwa msimu ujao. Kwa kuunganisha nailoni na mshipi tumia fundo la uni la pande mbili, mizunguko minane upande wa mshipi wa kusukwa na mitano upande wa nailoni, ulowanishe kama alivyosema ndugu wa Maskati, na ukate mikia karibu kabisa na fundo. Kwa rili ya 3000 ningependa uwe mwembamba kidogo kuliko huo, na umbali wa kurusha utapungua. Lakini kwa changu wa kwenye mwamba, wa kuteremsha chini ya mashua, PE 3 haitakusumbua. Breki usivuke kilo 2.5.